Vitamini D, sukari na kitambi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi ya lishe kwenye kliniki ya kisukari na presha, Dar es Salaam. Zamani watu walikuwa wakiniuliza habari za mlonge na mdalasini. Siku hizi wanauliza vitamini D, na mara nyingi muulizaji ameshanunua chupa yake, iko kwenye mkoba. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yana mambo mengi ndani yake, mengine yanatosha sentensi mbili.

Mimi najua vitamini D ni ya mifupa. Sukari na uzito vinaingiaje hapo?

Ni ya mifupa kweli. Mtoto akiikosa anapata matege, na mtu mzima mifupa inalainika na kuuma. Ila jina "vitamini" linatupoteza kidogo, maana mwilini inafanya kazi kama homoni. Ngozi inaianza kutoka kwenye kitu cha jamii ya kolesteroli kinapopigwa na miale ya jua iitwayo UVB. Kutoka hapo inakwenda kwenye ini, ini linaigeuza iwe ile inayozunguka kwenye damu kwa wiki kadhaa. Figo ndizo zinazoimalizia hadi iwe na nguvu kamili. Vipokezi vyake, yaani mahali inapojishika kwenye chembe za mwili ili ifanye kazi, vimekutwa kwenye kongosho, misuli, mafuta ya mwili na chembe za kinga.

Tuanze na kongosho. Chembe zinazotoa insulini lazima kwanza ziingize kalsiamu ndani, ndipo insulini itoke, na vitamini D ni mmoja wa wasimamizi wa kalsiamu. Halafu kuna misuli, ambayo ndiyo mlaji mkubwa wa sukari baada ya mlo. Vitamini D ikishuka sana, misuli ya mapaja na nyonga hulegea. Utamwona mtu mzima amekaa mkekani, akitaka kunyanyuka anaweka mkono gotini, anasukuma, anapumzika, anasukuma tena. Mtu wa namna hiyo hatembei sana, na misuli isiyotembezwa inaiacha sukari kwenye damu.

Ndiyo maana wanasayansi walipata matumaini makubwa. Kujua jinsi kitu kinavyofanya kazi mwilini ni hatua ya kwanza tu, bado unatakiwa uwape watu halisi uone kama afya yao inabadilika. Hilo nitalieleza kwenye swali la watu wanaoelekea kisukari.

Huku kwetu jua linawaka mwaka mzima. Upungufu unatoka wapi?

Swali zuri, na jibu lake lipo hapahapa Tanzania. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe, watu wanaoshinda nje kuchunga, kuwinda na kuchimba mizizi. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita ya damu, sawa na nanogramu 46 kwa mililita. Hicho ni kiwango kizuri sana, na ngozi zao ni nyeusi kama zetu. Kwa hiyo anayesema Mwafrika hawezi kupata vitamini D ya kutosha kwa jua anakosea.

Sasa linganisha na maisha ya mjini. Unatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi foleni. Unaingia ofisini au dukani, unatoka jua limezama. Mchana umepita wote chini ya paa. Kukaa karibu na dirisha hakusaidii, kwa sababu kioo kinazuia karibu UVB yote, joto utalihisi lakini vitamini haitengenezwi. Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyotoka katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2020 yalikuta kama mtu mmoja kati ya watatu yuko chini ya nanomoli 50, yaani ana upungufu, na wakazi wa mijini walikuwa nyuma ya wa vijijini.

Kuna kipimo cha bure cha kujua kama jua la saa hiyo lina UVB ya maana: kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, ngozi inafanya kazi. Kikiwa kirefu kuliko wewe, kama saa moja asubuhi au saa kumi na mbili jioni, unapata mwanga mzuri na matembezi mazuri, vitamini D kidogo mno. Kwa huku karibu na ikweta, dirisha lenyewe ni kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu kuliko nyeupe, ila haina haja ya kuungua. Mikono na miguu ikiwa wazi kwa robo saa hadi nusu saa, siku kadhaa za wiki, watu wengi wanafika pazuri.

Navaa buibui. Je, na ndugu zetu walioko Uarabuni na Ulaya?

Nguo inayofunika mwili inazuia UVB, na hilo halina ubishi. Ndiyo maana Oman na nchi jirani za Ghuba, pamoja na jua lao kali, zina upungufu mwingi sana: joto linawafungia watu ndani kwenye viyoyozi, na wanapotoka wamefunikwa. Dada anayeishi Muscat anaweza kuwa na kiwango cha chini kuliko binamu yake anayelima Pemba. Wanaojistiri wana nafasi zao: ua wa nyumba, roshani iliyozungushiwa, sehemu ya wanawake peke yao. Pasipo na nafasi hiyo, kidonge cha kipimo cha kawaida kila siku ni suluhisho la heshima kabisa.

Walioko Uingereza wasitegemee jua kati ya Oktoba na mwisho wa Machi, kwa sababu linapita chini mno angani. Serikali ya huko inashauri kila mtu afikirie mikrogramu 10, yaani IU 400 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini), kwa siku katika miezi hiyo. Wenye ngozi nyeusi na wanaofunika mwili wanashauriwa kufikiria hivyo mwaka mzima.

Karatasi ya maabara imeandika 18. Nifanye nini?

Kwanza angalia kipimo kimeandikwa kwa lugha gani. Maabara nyingine zinatumia nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita, na ya pili ni ya kwanza mara mbili na nusu. Nanogramu 18 ni nanomoli 45, upungufu mdogo. Nanomoli 18 ni nanogramu 7 tu, na hiyo inataka daktari wiki hiihii. Nimeona watu wakilia kwa namba ambayo haikuwa mbaya, na wengine wakicheka na namba ya hatari, kwa sababu tu hawakusoma herufi ndogo za pembeni.

Kwa watu wengi, nanogramu 20 (nanomoli 50) zinatosha kwa mifupa. Zamani Endocrine Society, chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, kilisema lengo liwe 30. Katika mwongozo wa mwaka 2024 kiliacha kuitetea namba hiyo, na kikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kwa mazoea tu. Mimi nimefurahi, kwa sababu kipimo hiki ni cha bei, na fedha hiyo kwa wengi wetu ingenunua vipande vya kupimia sukari vya mwezi mzima.

Je, upungufu ndio ulioniletea kitambi, au kitambi ndicho kilichoshusha vitamini?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aliulize kabla ya kununua chupa.

Vitamini D inayeyuka kwenye mafuta. Mtu mwenye mafuta mengi mwilini anaipokea kama mwenzake, lakini inatawanyika na kujificha kwenye mafuta, kwenye damu inabaki kidogo. Chukua vijiko viwili vya chumvi, kimoja tia kwenye sufuria ndogo, kingine kwenye sufuria la shughuli, kisha onja. Chumvi ni ileile, ladha si moja. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwaweka watu wanene na wembamba chini ya mwanga uleule wa UVB. Damu za wanene zilipandisha vitamini D kwa kiasi pungufu ya nusu ya wembamba, ingawa ngozi zao zilikuwa na uwezo uleule wa kuitengeneza.

Mwaka 2013 ukatoka uchunguzi mkubwa uliotumia vinasaba. Kwa kuwa mtu anazaliwa na vinasaba vyake, vinaweza kusaidia kujua kipi kilimtangulia kingine. Waliozaliwa na vinasaba vya kunenepa walikuwa na vitamini D ndogo. Waliozaliwa na vinasaba vya vitamini D ndogo hawakuonekana kunenepa zaidi. Kwa maneno mengine, unene unaishusha vitamini D, na ushahidi wa kwamba upungufu unaleta unene haukuonekana.

Sasa ongeza na haya: mwenye kitambi mara nyingi ndiye anayekaa ndani, anayekaa kitini, anayekula vibaya. Mambo yote hayo yanapandisha sukari, na yote yanashusha vitamini D. Ukiwapima watu elfu utakuta wenye vitamini D ndogo wana kisukari zaidi, presha zaidi, mafuta ya damu zaidi. Vinatembea pamoja, lakini kutembea pamoja hakumaanishi kimoja kinamvuta mwenzake.

Nimeambiwa sukari yangu inaelekea kisukari. Nikimeza vitamini D nitakwepa?

Inasaidia kidogo. Nitakupa namba ili uamue mwenyewe.

Utafiti mkubwa kuliko yote uliitwa D2d, ulifanyika Marekani na matokeo yalitoka 2019. Watu 2,423 waliokuwa wanaelekea kisukari waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa IU 4,000 kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya kama miaka miwili na nusu, waliougua kisukari upande wa vitamini D walikuwa 293, upande wa pili 323. Tofauti ipo, ila ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kutokea kwa bahati tu. Kumbuka pia wengi wao hawakuwa na upungufu walipoanza. Kikundi kidogo cha watu 103 walioanza chini ya nanogramu 12 kilionyesha faida kubwa zaidi, ingawa kikundi cha watu mia si cha kujengea uhakika.

Mwaka 2023 watafiti waliunganisha D2d na tafiti nyingine mbili, ya Norwei na ya Japani, jumla watu 4,190. Hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 15. Kwa hesabu ya mtaani: wakimeza watu 30 kwa miaka mitatu, mmoja ataokoka kisukari kwa sababu ya vidonge. Kwa msingi huo mwongozo ule wa Endocrine Society wa 2024 unashauri watu wanaoelekea kisukari wenye hatari kubwa wapewe vitamini D, pamoja na kubadili maisha.

Sasa tazama upande wa pili wa mizani. Mwaka 2002 Marekani walichapisha utafiti wa watu 3,234 wa hali hiyohiyo. Kundi moja lilipunguza uzito kwa kama asilimia 7 na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Hatari ilishuka kwa asilimia 58. Waliotumia metformin, dawa ya kisukari, ilishuka kwa asilimia 31. Kwa kundi la mazoezi, walihitajika watu saba tu kwa miaka mitatu ili mmoja aokoke.

Saba kwa thelathini. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Ukizitembea mchana, kivuli kikiwa kifupi, umepata vyote viwili bila kufungua mkoba.

Tayari nina kisukari. Naweza kuacha metformin nikaendelea na vitamini D?

Hapana. Usiache wala usipunguze dawa bila daktari wako. Kwa mwenye kisukari, vitamini D haijaonyesha kushusha sukari kwa kiasi cha kuchukua nafasi ya dawa yoyote. Kama una upungufu, utibiwe upungufu, na dawa ya sukari iendelee.

Kama kisukari kimegusa figo, mwambie daktari kabla ya kununua chochote. Figo ndizo zinazomalizia vitamini D, zikichoka inahitajika aina nyingine ya matibabu na ufuatiliaji wa kalsiamu.

Inashusha presha, mafuta ya damu, inalinda moyo?

Utafiti wa VITAL, Marekani, uliwafuata watu 25,871 kwa miaka mitano na ushei, nusu yao wakimeza IU 2,000 kwa siku na nusu kidonge kisicho na dawa. Mashambulizi ya moyo na kiharusi hayakupungua. Presha na mafuta ya damu navyo havijabadilika kwa maana kwenye majaribio.

Inapunguza uzito?

Hapana. Anayekuuzia kwa ajili hiyo anakuuzia maneno.

Nimeze kiasi gani?

Mahitaji ya kila siku kwa mtu wa miaka 1 hadi 70 ni IU 600, aliyevuka 70 ni IU 800, mtoto mchanga IU 400. Kikomo cha mtu mzima anayemeza mwenyewe bila usimamizi ni IU 4,000. Meza pamoja na mlo wenye mafuta kidogo, hata kama ni mchicha wa nazi, maana inayeyuka kwenye mafuta. Kuna aina mbili za vitamini D: D3 inapandisha kiwango vizuri kuliko D2.

Vidonge vya IU 50,000 ni kitu kingine kabisa. Hivyo huandikwa na daktari kwa mwenye upungufu mkubwa, kwa kawaida kimoja kwa wiki, kwa wiki nane hivi.

Nieleze kwa nini nasisitiza. Alikuja mama mmoja wa makamo, ameshikwa mkono na binti yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, sukari imenishinda." Kiu haimwishi, anakwenda haja ndogo usiku mara tano, kichefuchefu, choo kigumu. Tukampima kidoleni: 6.8. Sukari ilikuwa imetulia. Nikamwomba anionyeshe kila anachomeza. Akatoa mfuko mweusi wa plastiki, akapanga mezani moja moja: metformin, ya presha, na paketi ya vitamini D ya 50,000 iliyobaki vidonge vitatu. "Hii unaimezaje, mama?" "Kimoja kila asubuhi. Dukani waliniambia kimoja." Kimoja kweli, lakini cha wiki, na alikuwa amefanya hivyo kwa miezi mitatu. Kalsiamu ya damu ilikuwa juu. Kiu na mkojo vilikuwa vya kalsiamu, na kwa mgonjwa wa kisukari dalili hizo zinafanana kabisa na sukari iliyopanda. Alilazwa, akatiwa maji, akapona. Figo zake zingeweza kuharibika.

Na dozi moja kubwa ya mwaka mzima? Australia waliwapa wanawake wazee IU 500,000 mara moja kwa mwaka. Matokeo ya 2010 yalionyesha kwamba walianguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko wasiopewa. Kidogo kidogo kila siku ndiyo njia ya mwili.

Chakula hakitoshi?

Peke yake ni vigumu, lakini kinachangia. Samaki wa mafuta ndio wanaoongoza: vibua, jodari, samaki wa kopo aina ya sadini. Dagaa ninawapenda zaidi kwa sababu unamla mzima, na mifupa yake inakupa kalsiamu hapohapo. Kiini cha yai kina kama IU 40, maini yana kiasi kidogo. Uyoga ulioanikwa juani unatengeneza D2. Maziwa ya kawaida ya ng'ombe yana kidogo sana kama hayajaongezwa vitamini, na maziwa ya mama ni hivyohivyo, ndiyo maana mtoto mchanga anahesabiwa peke yake. Mafuta ya ini la samaki yana D nyingi pamoja na vitamini A nyingi, kwa hiyo mjamzito asiyatumie bila ushauri.

Kuna dawa zinazogombana nayo?

Zipo zinazoifanya iishe haraka mwilini: rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya virusi vya Ukimwi, na dawa za kifafa kama fenitoini, karbamazepini na fenobabitoni. Dawa za jamii ya steroidi pia. Dawa za presha za kundi la thayazidi zinabakiza kalsiamu mwilini, zikikutana na vitamini D nyingi kalsiamu inapanda. Mwenye kifua kikuu asijinunulie dozi kubwa, kwa sababu chembe za kinga kwenye ugonjwa huo zinaweza zenyewe kutengeneza vitamini D kali na kupandisha kalsiamu.

Mwanangu ana ualbino. Nimtoe juani?

Tafadhali usifanye hivyo. Ngozi isiyo na rangi inatengeneza vitamini D haraka sana, hata kwa jua dogo linalompata njiani akivuka uwanja wa shule. Hatari yake kubwa ni saratani ya ngozi, ambayo huku kwetu inawaua vijana. Kofia pana, mikono mirefu, miwani, kivuli, na mafuta ya kujikinga kila siku. Moshi wanatengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili yao. Kama una wasiwasi na mifupa yake, kidonge kidogo kinatosha.

Nikianza kutibu upungufu, nipime tena lini?

Baada ya miezi mitatu. Kabla ya hapo namba bado inapanda, utapoteza fedha.

Mwezi huu nina fedha ya kipimo kimoja tu. Nipime vitamini D?

Kama huna maumivu ya mifupa, misuli haijalegea na hutumii dawa nilizotaja, pima sukari kabla ya kula asubuhi. Ikiwa milimoli 5.6 hadi 6.9 kwa lita unaelekea kisukari kwa vigezo vya Marekani. Shirika la Afya Duniani linaanzia 6.1. Ikiwa 7.0 au zaidi, rudia kipimo siku nyingine na umwone daktari.

Cha pili hakihitaji maabara. Azima futi ya fundi cherehani. Vua shati, simama wima, tafuta kwa kidole mwisho wa mbavu na juu ya mfupa wa nyonga, zungusha futi katikati ya hapo. Toa pumzi ya kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Mwanamume akivuka sentimita 94, mwanamke akivuka 80, mafuta ya tumboni yameshaanza kuisumbua insulini. Iandike namba hiyo nyuma ya kadi yako ya kliniki, uje nayo.